Stuli ya Watu Wawili

Mjukuu wangu Nekesa,

Hapa Mbotela hatujambo; babu yako bado anabishana na redio. Umeniuliza kama mswada wa kugharamia shule za umma unakuhusu, wewe uliyekwisha kumaliza.

Enzi zetu kila mtoto alikwenda shuleni na stuli yake. Siku moja rafiki yangu Atieno alifika mikono mitupu, mwalimu akamwamuru arudi nyumbani. Nikasogea.

"Keti, lakini usinisukume."

"Nani ataweza kusukuma mlima?" akacheka.

Mwalimu alitutazama, kisha akaendelea na somo. Tuliketi nusu nusu mwaka mzima.

Mimi nilikuwa na stuli tayari, Nekesa, kama wewe ulivyo na cheti. Usome mswada huo, uangalie Atieno wa leo amewekewa wapi pa kuketi.

Nyanya yako akupendaye