Shati Alilofua Mwenyewe

Jumatatu, 3 Septemba 1984
Maji yamekuja mapema. Nimejaza ndoo zote. Nimeloweka koti jeupe la kazi la Baba Njeri, maji yakageuka mekundu, nikamwaga, nikaloweka tena. Miaka minane namfulia damu ya ng'ombe wa buchani kwake kule Burma. Siku hizi hata siioni.

Nimemsuka Njeri. Kichana ni kile cha pembe alichonipa babake tulipochumbiana. Kilikuja na jino moja limevunjika. Alisema mapenzi hayakagui meno, nikacheka wiki nzima. Njeri hulia nikimchana, ana kichwa chororo.

Kuna jipya. Jana jioni Baba Njeri alifua shati lake mwenyewe. Shati la nyumbani, si koti. Pale bombani, mbele ya ploti nzima. Jirani yangu Mama Akinyi aliacha ndoo ikafurika. "Woi, Mama Njeri, wewe uko na bwana! Huyu wangu hata sabuni hajui inakaa wapi." Nilijivuna, sifichi.

Ugali wa njano tena. Njeri amekataa kula.

Alhamisi, 6 Septemba
Wamepata mwanamke kwenye nyasi, kando ya njia ya mkato kati ya Dandora na Mowlem. Amenyongwa. Ni wa pili tangu Julai. Mama Akinyi alienda kuona, akarudi bila la kusema, na huyo si mtu wa kukosa la kusema. Hapo tu ndipo nilipoogopa.

Moshi wa jaa la taka umekaa ploti siku nzima. Nimefunga dirisha, bado umeingia.

Nilimweleza Baba Njeri akila. Aliuliza kama chumvi imeisha.

Jumapili, 9 Septemba
Marehemu amejulikana. Ni mdogo wake Loise, yule wa sauti ya kwanza kwenye kwaya yetu. Alikuwa amekuja kumtembelea, hajamaliza hata mwezi. Loise amekwenda Murang'a kuzika. Nafasi yake imeachwa wazi mbele ya kanisa. Tumeimba tukiikwepa kwa macho.

Wazee wameamua wanawake wasipite ile njia peke yao. Wakataka wanaume wa kuwasindikiza. Wa kwanza kusimama ni Baba Njeri. Amesema yeye ana visu na haogopi mtu. Watu wakacheka, halafu wakapiga makofi. Mke wa mchungaji amenishika mkono akaniambia nimshukuru Mungu kwa mume. Nimemshukuru.

Jumanne, 11 Septemba
Nina hasira hadi kalamu inatoboa karatasi.

Nilikuwa nashona mfuko wa koti lake la baridi. Ndani ya bitana nikagusa kitu laini. Kitambaa cha kichwa cha mwanamke. Kijani, ukingo umefumwa kwa uzi wa manjano. Kinanuka mafuta ya nywele. Si yangu.

Sasa ndiyo naelewa kufua shati! Ameniona mjinga. Anafua harufu ya mwanamke wake, na mimi hapa napokea hongera bombani.

Sijamwambia kitu. Nimekificha chini ya unga.

Jumatano, 12 Septemba
Nimempikia chapati. Amesifu. Nikasema asante. Nangoja Jumapili.

Jumapili, 16 Septemba
Sijui nianzie wapi.

Asubuhi nilikitoa kile kitambaa, nikakifunga kichwani mbele yake, polepole, ili akione vizuri. Nilitaka huyo mwanamke, kama ni wa kanisa letu, akione kichwani mwangu na aaibike. Baba Njeri alikuwa anafunga viatu. Akatulia na kamba mkononi. Akasema, "Kivue." Nikamwambia nitakivua siku mwenyewe akija kukidai. Nilijiona nimeshinda. Nilitoka ploti kichwa juu.

Loise alikuwa amerudi. Amevaa nyeusi, amekonda. Baada ya ibada akanijia moja kwa moja. Nilidhani anataka pole. Akashika ncha ya kitambaa nyuma ya shingo yangu, akaigeuza.

"Hii nilifuma mimi," alisema. "Uzi wa manjano uliniisha, nikamalizia kona na nyekundu. Nilimpea mdogo wangu siku ile amefika. Mama Njeri, umeitoa wapi?"

Nikaona ile kona. Nyekundu. Sikuwa nimeitazama.

Mdomo wangu ukasema Gikomba. Nilinunua Gikomba, kwa mtu wa mitumba. Ulisema wenyewe. Nikambeba Njeri nikaondoka karibu nikimbie.

Nilimkuta Baba Njeri ameketi mlangoni akimenya viazi. Hajawahi kumenya viazi. Akanitazama kichwani, akasema, "Kimekupendeza."

Jumatatu, 17 Septemba
Amenoa visu asubuhi. Hunoa kila asubuhi. Leo nimehesabu kila mkwaruzo.

Labda alikiokota. Labda amepewa. Najaribu kila labda, hakuna inayosimama. Jumapili ile ya shati, na Alhamisi wakampata kwenye nyasi. Nilisimama pale bombani nikijivuna.

Jumatano, 19 Septemba
Leo ameongea sana. Amekula nyama na mimi na Njeri, akacheka. Kisha akasema Loise amepita kwake Burma. Anamtafuta yule mtu wa mitumba wa Gikomba.

"Nimemwambia namjua," alisema. "Anaishi Mowlem. Jumamosi wakimaliza kwaya nitampeleka."

Alikuwa ananiangalia usoni. Mimi ndiye niliyemuumba huyo mtu wa mitumba, kwa uoga wangu, na yeye amemchukua amtumie. Nimeendelea kutafuna.

Loise ana watoto wawili. Ile njia ni nyasi tupu.

Alhamisi, 20 Septemba
Nimemwambia.

Nilisubiri Baba Njeri aende kazini, nikampeleka Njeri kwa Mama Akinyi, nikaenda kwa Loise na kile kitambaa ndani ya kikapu, chini ya sukuma wiki. Nikamweleza kilipotoka. Loise hakupiga kelele. Alikikunja kitambaa mapajani, akakikunjua, akakikunja tena.

"Umejua tangu Jumapili?"

"Ndiyo."

"Na Gikomba?"

"Nilidanganya."

Alinipiga kofi moja. Kisha akachukua sweta yake tukaenda polisi pamoja. Yule wa kaunta alidhani ni ugomvi wa mke na mume, akaanza kutushauri. Mkubwa wake ndiye aliyesikiliza, alipokishika kitambaa na kuiona kona yenyewe. Akaniambia nirudi nyumbani, nisibadilishe kitu. Nipike. Nifue.

Ni rahisi kusema ukiwa umevaa bunduki.

Ijumaa, 21 Septemba
Nimefua koti. Nimepika. Amempakata Njeri akamfundisha kupiga mluzi. Njeri amefurahi sana. Nikamwona ni yule yule kijana aliyenichumbia, na hilo ndilo lililonitia baridi. Nilitaka awe na sura nyingine.

Ameniuliza mbona nimenyamaza. Nimesema kichwa kinauma. Ameniletea maji.

Jumamosi, 22 Septemba
Imekwisha. Naandika kwa Mama Akinyi, Njeri amelala miguuni pangu.

Baba Njeri alifika kanisani saa tisa, ameoga, shati jeupe. Loise alikuwa langoni. Mimi nilikuwa ndani, nyuma ya mlango. Aliponyoosha mkono amwonyeshe njia, kwaya yote ya wanawake ikatoka. Hakuna aliyewapanga. Loise alikuwa amewaambia tu wabaki ndani wamwombee, wakakataa. Kila mmoja na Biblia na kipochi chake.

"Hata sisi tunaenda Mowlem," mke wa mchungaji alisema.

Alicheka. "Leo nimepata msafara wa harusi."

Akatangulia. Akina mama nyuma yake, hakuna aliyeimba. Mimi mwisho. Njia inapoanza kuingia kwenye nyasi, wanaume wanne waliokuwa wamekaa wakila miwa wakasimama. Hakupigana. Alinyoosha mikono. Hakumtazama Loise, hakuwatazama polisi. Alinitafuta mimi kule nyuma.

"Mama Njeri," aliita, sauti ile ile ya kuitia chai. "Lile shati la bluu umeanua? Mvua inakuja."

Ilikuja kweli. Shati nimeliacha kwenye kamba.

Jumapili, 28 Oktoba
Wiki nyingi sikushika kalamu.

Nikienda bombani wanawake wananipisha, hata kama foleni ni ndefu. Wananiacha nichote wa kwanza ili niondoke. Jana Mama Akinyi aliisukuma ndoo yake ikagusana na yangu, akaanza kunilalamikia kuhusu mume wake. Nililia. Akaendelea kulalamika, Mungu ambariki.

Loise hanisalimii. Lakini leo kanisani aliona Njeri hana pa kukaa, akampakata.

Ijumaa yule mkubwa wa polisi aliniita. Kulikuwa na mkebe, walioutoa kwenye dari ya bucha. Herini moja. Kiatu. Mkanda wa gauni. Alisema vingine ni vya zamani sana, kabla hata ya Njeri kuzaliwa, na hawajui ni vya nani. Akaniuliza kama aliwahi kunipa zawadi ambayo haikuwa mpya. Nikasema hapana. Niliamini nasema kweli.

Jioni hii Njeri ameketi katikati ya magoti yangu, ameshalegeza nywele, amefumba macho akingoja kuumia. Nimenyoosha mkono juu ya kabati. Nikakishika kichana. Nikakitazama pale jino lilipovunjika, pamelainika kwa vidole, na si vyangu pekee.

Kesho nitakipeleka polisi. Nimekifunga kwenye leso.

Njeri ameuliza mbona leo haumii. Nimemsuka kwa vidole.