Muuaji ni Bi Raheli, na Bakuli ni la Nasra

Shangazi Zuwena,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini nimeogopa kuanza vivi hivi, maana ulikuwa ukinuna mtu akiingia na habari kabla ya kukuamkia. Nina habari mbili: muuaji amepatikana, na lile bakuli nimejua la nani.

Tangu ulipotuacha, kile kitabu chetu cha hadithi ya mauaji ya Waamishi sikuweza kukifungua. Nilikiweka juu ya kabati nikawa nakipita mbali. Zilibaki sura mbili tu. Nikizimaliza, basi, hakuna tena cha kunitoa Nizwa kila Alhamisi kuja Ibra, na ndizi zako za Birkat al Mauz kwenye kiti cha nyuma. Wewe ulikuwa ukizikagua ndizi kwanza, mimi baadaye.

Ulivyowapenda watu wale! Wakristo wa Marekani waliokataa gari na umeme, wanakwenda kwa farasi, wanawake wamefunika vichwa, na kila mmoja anajua jirani yake amepika nini. Nikisoma Kiingereza nikikugeuzia Kiswahili, nawe umefumba macho, nikadhani umelala, mara unasema, "Hawa si ndio sie wenyewe, mwanangu? Wamekosa kahawa tu." Mzee Yakobo alipokutwa amekufa kwa sumu bandani kwa farasi wake, kijiji kizima kilimshuku mpwa wake aliyenunua gari kwa siri. Na mimi pia. Wewe ukamkamata Bi Raheli, jirani mpole aliyekuwa akimpelekea mzee pai za tufaha. "Mtu gani huyo aendaye msibani kufuata sahani yake, na maiti bado yumo ndani? Sahani haifuatwi! Wafiwa ndio huirejesha, tena na kitu ndani. Wallahi huyo ana lake." Nilicheka mpaka machozi. Tukaahidiana kwamba atakayekosea atampikia mwenziwe mkate wa kumimina.

Ukafa kabla hatujajua.

Azaa, matanga yako, ilipokwisha nilikaa jikoni kwako nikirejesha vyombo vya watu, kila kimoja na tende au halua ndani, kama ulivyonifundisha. Kikabaki kimoja: bakuli jeupe la bati lenye maua ya buluu, na kifuniko chake. Majirani wote hawakulijua. Mama mmoja aliyekuwa akisaidia jikoni alikumbuka tu kwamba alilipokea mlangoni kwa mtu mzima mmoja ambaye hakuingia. Lilikuja limejaa bokoboko la ngano na nyama.

Hapo udadisi ukanishika kama ulivyokuwa ukikushika wewe. Nani huyu anayeleta chakula msibani, haingii, wala hajali chombo chake? Nikairudia ladha. Bokoboko lile lilikuwa na mdalasini, na juu vitunguu vya kukaanga vimechanganywa na zabibu. Hapa Ibra hakuna aliyekuwa akilipika hivyo ila wewe. Nawe ulinambia mlijifunza wawili, Unguja, jikoni kwa mama yake shoga yako Nasra, mkiwa wasichana, kabla hamjahamia huku Oman.

Nasra! Jina hilo halikutajwa nyumbani kwako miaka. Mama yake alipofariki Sur, wewe ulikuwa kitandani na homa, hukwenda kwenye azaa, naye hakuamini kama unaumwa. Kwenye azaa yako wanawake walinong'ona, "Nasra hakuja. Kalipiza." Iliniuma sana, Shangazi, kwa sababu siku zako za mwisho ulikuwa ukiniuliza kama yu mzima.

Basi nikakishusha kitabu. Nikasoma sura zote mbili kwa sauti, kwa Kiswahili, chumbani kwako peke yangu. Ni Bi Raheli! Sumu ilikuwa ndani ya pai, na sahani aliifuata ili aioshe kabla polisi hawajaiona. Nikapiga kelele, nikalia, nikaenda kuroweka mchele wa mkate wako.

Mkate uliungua kidogo upande mmoja, ungeusema tu. Nikautia ndani ya lile bakuli, nikashika njia ya Bidiya na Al Kamil mpaka Sur, nyumbani kwa Nasra. Uhakika sikuwa nao, nilikuwa na ladha ya bokoboko basi. Alifungua mlango mwenyewe. Hakunitazama usoni, alitazama bakuli, kisha akakaa palepale kizingitini.

"Nilifika," akasema. "Nikasikia watu wanasoma ndani, miguu ikakataa. Nitaingiaje kwa mtu niliyemnunia umri wote huu?"

Nikamwambia homa ile ilikuwa ya kweli, mimi ndiye niliyekuwa nikikukanda kwa maji. Kisha akasema amekusamehe zamani, ila hakujua aje aseme vipi, na akanituma nikuombe radhi. Nimezunguka na ujumbe huo siku kadhaa, sijui niufikishe kwa njia gani. Ndiyo maana nakuandikia.

Mkate tuliula pamoja. Akasema umezidi hiliki, kama mkono wako hasa.

Bakuli amenirudishia, limejaa visheti, kwa hiyo itanibidi nirudi. Alhamisi ijayo nitakwenda Sur na kitabu chetu, nimsomee tangu mwanzo. Sijamwambia muuaji ni nani. Nataka nimtazame tutakapofika kwa Bi Raheli na sahani yake, nione kama naye atashtuka palepale uliposhtuka wewe.

Pumzika, Shangazi yangu. Nakuahidi bakuli hili halitakwenda Sur tupu, wala Nasra hatakaa peke yake.

Mwanao,
Salma