Nimekaa Kwenye Kiti Chako, Baba Mkwe

Baba,

Mugonile. Salamu hii ya nyumbani sijawahi kukupa hata siku moja, kwa sababu kwenu mke wa mtoto hamwamkii baba mkwe wake uso kwa uso, wala halitamki jina lake. Miaka tisa tumeishi uwanja mmoja, nimekupikia, nimekufulia, na neno langu halikuwahi kufika sikioni mwako moja kwa moja. Leo linafika. Kabla hujasikia kwa yeyote atakayekufuata huko, usikie kwangu mimi Subilaga, mke wa mwanao Ambwene: nimekaa kwenye kiti chako. Nimekaa nyuma kabisa, pale penye bonde ulilolichimba kwa uzito wako. Gunia limetupwa. Springi ya nyuma nimeilegeza. Na radhi siombi.

Ngoja nikueleze, maana najua umeshakunja uso. Nadhani ndivyo unavyokunja. Sina hakika.

Wenzangu niliosoma nao chuoni Mpuguso wanakaa sebule moja na baba wakwe zao, wanatazama taarifa ya habari na kugombania rimoti. Wewe ulikataa. Ulisema waliokulea walikulea hivyo na huoni cha kubadilisha. Ukitokea upande wa barabara ulikohoa mara mbili, nami nikaingia migombani nikasubiri upite. Sikukuchukia kwa hilo, Baba. Kuna siku niliiona ni heshima kubwa, kwamba mtu mzima ananipigia hodi katika uwanja wake mwenyewe. Na kuna siku ilinichosha, nikalia jikoni na kusingizia moshi.

Lakini ulinifundisha. Nikiwaambia watu hawaamini. Kati ya banda lako la mabati na jiko langu palikuwa na uzio wa mianzi, na siku uliyogundua kwamba nasimama nyuma yake kukusikiliza, hukunifukuza. Ulianza kuongea na pikipiki. "Wewe nati hufunguliwi kwa hasira." "Wewe shokapu ukitoka jasho la mafuta umekufa, asikudanganye mtu kwa kukukaza." Ulikuwa unaongea polepole, kwa sauti ya mtu anayeandikisha imla. Nikielewa niligonga sufuria kwa mwiko, mara moja. Nisipoelewa nilinyamaza, nawe ukarudia, na pikipiki ikatukanwa kwa ujinga wangu. Ukienda kwenye kikao cha wazee wa kanisa nilitoka, nikafungua na kufunga yote uliyosema, nikapanga spana zako kama ulivyozipanga. Ukirudi hukuuliza kitu. Baadaye ukaanza kuacha ufunguo kwenye msumari, na tangi lina mafuta, nami nikajifunza kuendesha kwenye kiwanja cha nyuma. Alama za matairi uliziona. Ulinyamaza, na kunyamaza kwako nikakuhesabu kuwa ndiyo.

Pikipiki yenyewe unaijua kuliko mimi, lakini acha niitaje maana nayo nimeionea huruma mwaka huu. Ile ya matairi manne, uliyoikuta imetupwa nyuma ya karakana ya shamba la chai, kuku wametagia chini ya kiti. Wakakucheka. Ukaifufua, ukaifungia karia ya madumu mawili nyuma, na tangu hapo akina mama wa kikundi cha Matwebe wakaacha kuteremka na ndoo kichwani kwenye ule utelezi. Ulipita milimani asubuhi ukikusanya maziwa, ukashuka nayo Tukuyu kituoni. Njia yetu ni mawe, mizizi na mifereji ya mvua, na wewe ulijivunia kitu kimoja tu: kwamba maziwa yako yalifika yametulia. Siri ilikuwa nyuma. Kwenye kila shokapu mna springi, na chini ya springi mna pete yenye ngazi tano za kukazia. Uliikaza hadi ngazi ya nne, ukapaka rangi nyeupe pale, ukaiambia pikipiki, nami nikiwa nyuma ya mianzi: "Nyuma ngumu haichezi. Hapa asiguse mtu."

Nikagonga sufuria.

Ulipougua, mimi ndiye niliyebeba maziwa. Kukuuguza sikuruhusiwa. Uji niliuweka mlangoni, Mama, mkeo, akautwaa, na mimi nikasikia kijiko kikigonga bakuli mara chache, kila siku chache zaidi. Uso wako niliuona vizuri siku moja tu, siku ya kukuaga, umelala kwenye jeneza na pamba puani. Nilikutazama muda mrefu hadi wakanivuta kanga. Nilikasirika, Baba. Nilikasirika kwamba una kovu kwenye nyusi na sikujua.

Baada ya arobaini, Ambwene akiwa amesharudi kazini kwake mbali, Gwakisa akaja kutoka Msasani yetu ya huku. Mwanao wa pili ana duka lake la maparachichi, anavaa miwani hata penye kivuli. Alisema chombo cha mzee hakiwezi kuendeshwa na mwanamke tena mkwe, kwamba yeye atakichukua kibebe maparachichi. Mama akasema njia za maziwa anazijua Subilaga. Kikao kikaniachia, lakini kwa shingo upande, na Gwakisa akaondoka akisema tutaona.

Wakaona. Karani wa kituo, aliyenivumilia ulipokuwa unaumwa, alifunua dumu, akakuta chembe za siagi zinaelea juu. "Dada, haya umeyasukasuka njiani," akasema, akayakataa. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu nikarudi na madumu yamejaa, nikampitia kila mama mlangoni kwake kumrudishia, na hakuna aliyenitukana, ndiyo maana iliniuma. Mwenyekiti wa kikundi akaniambia kwa upole kabisa: ikifika Jumamosi maziwa yakikataliwa tena, pikipiki wataiacha iende kwa Gwakisa, na wao watarudia ndoo zao. Alikuwa ameshika kiuno wakati anasema. Ana miaka sitini na kitu, yule mama.

Unajua nilifanya nini? Nilikutii. Nilikumbuka "nyuma ngumu haichezi", nikaikaza pete hadi ngazi ya tano, mwisho kabisa. Pikipiki ikageuka punda. Kila jiwe lilinirusha, madumu yakapiga kelele nyuma yangu njia nzima, na karani siku hiyo hakuhitaji hata kuchungulia.

Ijumaa mchana nikairudisha pete kwenye rangi yako, nikakaa chini bandani na kile kijiti chako cha mwanzi chenye alama mbili. Kile ulichokuwa unakisimamisha kati ya ardhi na bampa ya nyuma: alama ya juu pikipiki ikiwa tupu, alama ya chini ukiwa umeikalia na madumu yamejaa, na kati yake vidole vinne. "Isipozama vidole vinne inakataa njia. Ikizidi inalala." Nilisikia hayo nyuma ya mianzi mara mia. Ila kipimo hicho kinataka watu wawili, mmoja akae na mwingine ashike kijiti, na sisi wawili hatukuweza kamwe kuwa hao wawili. Wewe ulikaa, Mama akashika. Mimi hakuna aliyenipima.

Nikamwita Mama. Akainama na kijiti, nikapanda kama ninavyopanda siku zote, akasema imeshuka nusu kidole. Nusu! Nikacheka kwa hasira. Wewe ulikuwa mtu wa kilo tisini na zaidi. Mimi nikitoka mvuani na gauni limelowa sifiki hamsini na tano. Na tena, Baba, sikuwa nakaa kitini. Tangu uumwe nilitandika gunia lililokunjwa huko mbele, karibu na tangi, nikakaa hapo kwenye ukingo, ili nisikalie mahali pako. Hakuna aliyeniagiza. Nilijiagiza. Nyuma palibaki pepesi, springi imekazwa kwa ajili ya mtu ambaye hayupo, na kila jiwe likawa linayapiga maziwa kama mwanamke anayetengeneza siagi. Heshima yangu kwako ndiyo iliyokuwa inayaharibu.

Nikaisafisha ile pete kwa mafuta ya taa na mswaki. Nakuambia kwa nini: nilikuwa natafuta alama ya pili. Nilijiambia mzee huyu aliyeniachia ufunguo msumarini hawezi kuwa hakunifikiria, lazima kuna mkwaruzo mahali, alama ndogo kwa ajili yangu. Nikazungusha upande wote. Hakuna. Ulijua naendesha, ulijua nitabaki mimi, na ulipima uzito wako peke yako. Nilikaa pale na mswaki mkononi nikakusema, Baba. Nilikusema kwa sauti, bila uzio. Nilisema mambo ambayo sitayaandika hapa kwa sababu Mama alikuwa anasikia.

Alisikia yote. Kisha akalivuta lile gunia, akalitupa kwenye kuni, akasema kwa Kiswahili chake kile: "Masiwa ya watu yanaharibika, wewe unaogopa kiti? Kaa huko nyuma. Kaa vizuri."

Nikakaa. Lile bonde lako ni kubwa kwangu, linabaki nafasi kila upande. Niliposhuka nikashika spana ya pete, nikaitoa kwenye rangi yako nyeupe, nikaishusha hadi ya tatu. Kidole kimoja na nusu. Nikaishusha hadi ya pili. Tukafunga madumu yamejaa maji, nikakaa tena, Mama akatambaa kwenye tope na kitenge chake kizuri na kijiti mkononi, akapaza sauti: vinne. Vinne kamili. Tukapunguza na upepo kwenye matairi ya nyuma, kidogo tu, hadi yakabonyea kwa kidole gumba.

Jumamosi nilishuka na maziwa ya watu kumi na wanne. Kwenye ule mteremko wa mawe chini ya shule, pale ulipokuwa unasema na Mungu wako, nyuma pakazama, pakainuka taratibu, pakatulia. Madumu hayakusema kitu. Nilipiga kelele peke yangu njiani, mtu mzima mimi, hadi mbuzi wa watu wakakimbia.

Kituoni walikuwa wananisubiri: mwenyekiti, akina mama wengine wanne, Mama, na Gwakisa na kamba zake za kufungia pikipiki kwenye gari aliloazima. Karani akafunua. Akatia kijiko kirefu, akakoroga, akakiinua, akakitazama kwenye mwanga. Akafunua la pili. Akasema yametulia. Kisha akaniuliza kwa kawaida tu, kama anauliza saa: nani amekufungia shokapu hizi?

Gwakisa akawahi kujibu kwamba ni kazi ya mzee. Na hapo, Baba, nikalitaja jina lako. Mbele ya mama mkwe wangu, mbele ya mwanao, mbele ya wanawake walionifundisha jinsi ya kupiga magoti. Nilisema fulani aliziweka kwa uzito wake, na mimi Subilaga nimeziweka kwa wangu. Nililitaja lote, bila kunong'ona. Mwenyekiti akaziba mdomo. Gwakisa akavua miwani. Nikafikiri nimemuua Mama. Kisha akakohoa mara mbili, kama ulivyokuwa unakohoa wewe, akasema, "Haya, tupakie madumu, jua linapanda."

Gwakisa aliondoka na kamba zake. Usimwonee huruma, maparachichi yanamlipa.

Rangi yako nyeupe sijaifuta. Ipo palepale kwenye ngazi ya nne, na atakayeikwangua tutaonana. Yangu nimeipaka kwenye ya pili, rangi ya kucha nyekundu, ndiyo iliyokuwepo. Uzio wa mianzi nimeung'oa, umekuwa kichanja cha kuanikia vyombo. Na wiki hii amekuja binti wa mwenyekiti kutaka kujifunza. Nilimwambia asimame mbele yangu anitazame usoni, aulize, na nikikosea anikatishe. Alikatisha mara tatu siku ya kwanza. Angekuudhi sana.

Sikubaliani nawe, Baba. Nilikuheshimu kwa miaka tisa na nitakuheshimu tena, lakini kwa namna yangu, na kwa sauti. Umenipa ufundi wote huu ukaninyima kikombe kimoja cha chai tukiwa tumekaa pamoja, na hilo sitakusamehe haraka. Labda nikizeeka.

Ila nakuahidi jambo. Mwanangu, mjukuu wako, ana miaka sita. Siku atakayoleta mke uwanjani hapa, awe mnene au mwembamba, nitamshika mkono hadi bandani, nitamwambia panda, kaa nyuma, kaa vizuri. Kisha mimi mwenyewe nitapiga magoti kwenye tope na kijiti chako, nimpime. Atakuwa na rangi yake kwenye pete hiyo nikiwa bado hai.

Barua hii nitaisoma kaburini kesho baada ya kushusha maziwa, na nitakuja na sufuria. Nitaigonga mara moja, ujue kwamba nilielewa yote, hata yale niliyoyakataa.

Lala salama, Asegelile.

Mkwe wako,
Subilaga