Vigamba Vilivyolala Chali

Jumatatu, 4 Agosti

Siku ya kwanza maabara. Nilivaa viatu vya shule, nimeving'arisha mara mbili. Hakuna aliyeviangalia. Watu wa hapa wanaangalia matope.

Mama mdogo ndiye fundi wa maabara, na ndiye aliyeniombea nafasi hii ya likizo. Alinifungulia friji kubwa kuliko chumba changu, akanionyesha mrija mrefu wa matope yaliyochimbwa sakafuni mwa bahari ya barafu, huko juu kabisa kwenye ramani. Ya chini ni ya kale, ya juu ni ya karibuni. Yamesafiri kuliko ukoo wetu wote ukijumlishwa.

Jioni baba akauliza nimefanya nini. Nikasema nimeosha matope kwenye chekeche. Akasema matope yapo hata hapa mlangoni, tena hayahitaji friji.

"Shemeji, yako hayana historia," mama mdogo akamjibu.

Jumanne, 5 Agosti

Nimepewa hadubini! Pamoja nayo nimepewa mwalimu: mtafiti mmoja aliye mwaka wa sita wa shahada yake ya udaktari. Mama mdogo anamwita Profesa Kesho, kwa sababu ukimwuliza atamaliza lini, jibu ni hilo. Mwenyewe anaitika.

Mafunzo yangu yalichukua dakika nne. Ndani ya matope mna vigamba vidogo kama punje za chumvi. Ni vya viumbe vilivyoelea baharini, vikafa, vikazama. Kila kigamba kimejisokota. Vya kushoto ni vya maji ya baridi kali, vya kulia ni vya maji yenye uvuguvugu. Hesabu mia mbili kwa kila slaidi, yaani kioo chenye vigamba vya tabaka moja la matope, kushoto ngapi, kulia ngapi, utajua bahari ilikuwaje wakati ule. "Rahisi," akasema, akaenda kunywa chai.

Kama ni rahisi hivyo, miaka sita ya nini? Sikuuliza. Nimelelewa vizuri.

Amesema nikifanya kazi vizuri ataniandikia barua. Darasa maalumu la sayansi halipokei ombi lisilo na barua ya mtafiti uliyefanya naye kazi, na mwisho ni Ijumaa ya wiki ijayo. Nilijifanya sijali. Nilijifanya vibaya.

Alhamisi, 7 Agosti

Kuna jambo. Nilikigusa kigamba kwa ncha ya brashi, kikapinduka. Kilikuwa cha kulia. Kikawa cha kushoto.

Nikakipindua tena — kulia. Tena — kushoto.

Kumbe kigamba kina mgongo na tumbo, na husomwa mgongo ukiwa juu. Kikilala chali, msokoto unageuka, kama mtu anayesimama mbele yako: mkono wake wa kulia uko upande wako wa kushoto. Mtoto wa darasa la kwanza analijua hili. Mimi, niliyeongoza darasa mihula mitatu mfululizo, sikulijua.

Leo nimekilaza vyema kila kimoja. Karibu vyote ni vya kushoto. Baridi tupu. Lakini vya Jumanne na jana, slaidi tano nzima, nilivihesabu jinsi vilivyolala. Huenda ni vichache tu vilivyokuwa chali. Nitasema kesho.

Ijumaa, 8 Agosti

Sikusema. Profesa Kesho hakuwepo.

Haya, alikuwepo kuanzia saa nne. Mimi ndiye niliyekuwa na shughuli nyingi sana nyuma ya mlango wa friji.

Jumatatu, 11 Agosti

Profesa Kesho ameingia nywele zimechanwa. Tukajua kuna jambo kubwa.

Amechora grafu ya mrija mzima, hesabu zake za miaka yote pamoja na zangu. Mstari unakwenda chini kabisa, baridi, baridi, baridi, halafu ghafla mlima, halafu baridi tena. Miaka kama elfu kumi iliyopita bahari ile ilipata joto, kisha ikapoa. Akasema hakuna aliyewahi kuliona jambo hili pale.

Bila shaka hakuna. Bahari ilipata joto Jumanne, ikaendelea Jumatano, ikapoa Alhamisi nilipojifunza kazi.

Alinipigia makofi mbele ya wote. Hata Mkuu wa maabara, mama anayetumia maneno kama mtu anayetia matone ya dawa machoni, alisema, "Vizuri, binti." Ijumaa saa nne Profesa Kesho ataieleza grafu mbele yake. Mkuu akiridhika, atamruhusu amalize shahada. Miaka sita, na imesimama juu ya slaidi zangu tano.

Barua nimeshapewa. Imebaki saini ya Mkuu. Inasema nina macho makini na uangalifu usio wa kawaida kwa umri wangu. Nimeisoma mara nne. Ni barua nzuri sana ya mtu mwingine.

Jumatano, 13 Agosti

Nimemwambia mama mdogo tukiwa tunaosha chekeche. Hakugeuka.

"Slaidi ngapi?"

Tano.

"Zimo kwenye ule mlima?"

Ndizo mlima wenyewe.

Akafunga bomba la maji. "Yule naye anafundisha huku kikombe kiko mkononi." Akajipangusa mikono polepole. "Haya. Nani atamwambia?"

Nikasema yeye ndiye mkubwa.

"Ukubwa ninao," akasema. "Slaidi ni zako."

Alhamisi, 14 Agosti

Nimesema. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri yenye utangulizi. Yakatoka matatu: "Kaka, nilihesabu vibaya."

Alikaa kwenye stuli. Akauliza nilijua lini. Alhamisi iliyopita. "Wiki nzima?" Ndiyo, kaka. Nilitamani anigombeze. Hakunigombeza. Alichukua slaidi moja, akaiweka chini ya hadubini, akaangalia muda mrefu.

"Sikukuambia habari ya mgongo," akasema.

Hukuniambia.

Kisha, kwa sauti ndogo, akasema Mkuu huwa anaangalia grafu tu, slaidi hafungui.

Friji inanguruma vibaya sana watu wakinyamaza.

"Sijasema kitu," akasema.

Nikamwambia sijasikia kitu.

Tumekubaliana nihesabu upya kesho alfajiri. Vigamba vimeshikwa na gundi inayolegea kwa maji, kwa hiyo vinageuzika. Nikamwuliza kwa nini asihesabu mwenyewe, yeye ni mwepesi. Akasema macho yake yatatafuta vya kulia. Ni jambo la kwanza la maana alilonifundisha.

Barua hakuitaja. Nami sikuitaja. Imo mkobani, ndani ya daftari la hisabati, ili isikunjike. Utafikiri kuna atakayeihitaji.

Ijumaa, 15 Agosti

Naandika kwenye sinki, nasubiri maji safi ya brashi.

Nilianza saa kumi na mbili na nusu. Slaidi ya kwanza: mara ile niliandika vya kulia themanini na tatu. Leo ni vitano. Profesa Kesho alikuwa amesimama nyuma yangu. Slaidi ya pili: vilikuwa tisini na kimoja, leo saba. Hongera kwangu, nimeshusha mlima kwa brashi yenye nywele tatu. Nikamwomba atoke nje, ananipumulia shingoni. Akatoka kweli, bila neno, kama mtoto aliyefukuzwa jikoni.

Slaidi ya tatu. Nilitarajia sita, saba. Nimepata sitini na vinne.

Vyote mgongo juu. Nikavigeuza tena kimoja kimoja. Sitini na vinne. Kwa jinsi nilivyotaka mlima uwe kweli, nikaacha kuyaamini macho yangu. Nikamwita mama mdogo, sikumwambia namba. Akahesabu akinong'ona. Sitini na vitatu. Tumebishana juu ya kimoja kilichovunjika, anasema hakina msokoto wa kumshawishi.

Saa nne kasoro robo Mkuu akatokea mlangoni. Akauliza kama tuko tayari. Profesa Kesho, nyuma yake, aliniangalia mimi, grafu ameikunja.

"Bado, mama," nikasema. "Zimebaki slaidi mbili za kuhesabu upya."

Akauliza ni nani aliyehesabu mwanzo. Mimi. Na aliyekosea? Mimi, mama, na nilijua wiki nzima. Profesa Kesho akaanza kusema kwamba kosa la kufundisha ni lake. Mkuu akamkatiza kwa kidole kimoja tu.

"Barua yako unayo?"

Nikaitoa kwenye daftari la hisabati.

"Iweke mezani."

Nikaiweka. Akavuta kiti, akakaa, akatoa kalamu, akaiweka juu ya barua. Kalamu hakuifungua. Akasema niendelee, na nisimwambie namba yoyote mpaka vyote mia mbili viishe, kila slaidi.

Kwa hiyo hapa kwenye sinki naweza kuiandika, kwa kuwa simwambii mtu. Slaidi ya nne, vigamba ishirini vya mwanzo, vyote nimevilaza sawasawa: kushoto kumi na viwili, kulia vinane.

Mkuu ananiita. Maji yamejaa.