Seva Isiyokumbuka Majina

Yaya Odile, dada yangu mkubwa,

Kabla hujasoma mbele, funga mlango. Nakusihi kwa jina la mama aliyetuzaa, barua hii isomwe na macho yako tu. Usimsomee hata shemeji. Akikuuliza nimeandika nini, mwambie nimewasalimu na ninalalamikia bei ya unga. Ukimaliza, itie motoni. Sikuiba wala sikumpiga mtu, lakini maneno haya yakirudi huku Kolwezi, si mimi peke yangu nitakayeumia.

Mnaendeleaje huko Kalemie? Mguu wa baba umepungua kuvimba? Ndakala, samaki wale wadogo wakavu ulizompa Mama Faida aniletee kwa treni, zilinifikia. Nilipofungua mfuko chumba kizima kilinuka ziwa, nikakaa kitandani muda mrefu bila kupika. Mwili wangu ni mzima, ila usingizi umenikimbia. Kiangazi ni kikali, vumbi linaingia hata kwenye sufuria yenye kifuniko, na asubuhi natema mate mekundu nikidhani ni damu, kumbe ni udongo.

Unajua mimi ni karani wa chuo. Kwa kuwa nilisoma mambo ya kompyuta Lubumbashi, Mkurugenzi aliniita akasema kompyuta zetu zote zitaunganishwa kwenye mtandao mmoja, nami nijaribu mifumo endeshi miwili ili baraza lichague. Usichoke, Yaya, nitakueleza kama wewe ulivyonieleza cherehani. Kompyuta zote zinafungwa kwenye moja kubwa inayoitwa seva. Mfumo endeshi ndio unaoitawala seva hiyo. Unajua jina la kila mwanafunzi, unamfungulia au unamkatalia, na unaandika ameingia saa ngapi na ametoka saa ngapi. Kuchagua mfumo ni kuchagua nani atashika ufunguo wa nyumba.

Mfumo wa kwanza ulikuwa wa bure, na ufunguo ungebaki kwetu. Wa pili ulikuwa zawadi ya kampuni ndogo inayofanya kazi ya ulinzi migodini. Walituletea seva mpya, mfumo wao na betri kubwa. Mimi nilipenda ule wa bure, nikaandaa maneno yangu vizuri.

Siku ya baraza, seva zote mbili zilikuwa zinafanya kazi mbele ya wakubwa. Umeme ukakatika, kama unavyokatika hapa siku zote. Seva yangu ikazima. Ile ya zawadi ikaendelea kuwaka taa zake za kijani.

"Munaona?" akasema Gaston, mtu wa kampuni ile. "Yetu haikufake, inawaka tu!"

Wakapiga makofi. Nikainua mkono. "Shefu, ni betri tu. Hata ile ya bure tukiipa betri haitazima."

"Betri na système ni bibi na bwana," Gaston akajibu. "Ukikatala moja, unakatala yote."

"Na wewe karani, uko na betri yako mu mufuko?" Mkurugenzi akauliza. "Basi kaa chini."

Walicheka mpaka mwenyekiti akafuta machozi. Nikauliza tena, sasa kwa sauti ya chini, majina ya wanafunzi yatatunzwa wapi. Gaston akasema yatatunzwa kwao ofisini, kwa sababu kwetu umeme ni mgonjwa. Hakuna aliyeona ubaya. Hivyo ndivyo chuo kilivyochagua, Yaya. Walichagua betri.

Tulipotoka, Gaston alinishika bega kwenye korido kwa upole sana. "Anza na bale ba mangaribi," akaniambia. "Majina, picha, na saa banaingia. Bengine banakuya na udongo mu masikio. Siye tunataka kujua banatoka wapi."

Nikaelewa. Wanafunzi wetu wa jioni, wengi wao ni vijana wanaochimba shaba na kobalti kwa mikono, na wengine huingia mahali walipokatazwa. Mchana wanachimba, jioni wanajifunza ili siku moja waache kuchimba. Mwenye majina yao na saa zao hana haja ya kuwafukuza shimoni. Atawangoja kwenye mlango wa darasa. Mmoja wao ni Trésor, mtoto wa Tata Kabeya, mwenye nyumba yangu. Rafiki yake aliyekamatwa mwaka huu alirudi mkono umevunjika, na hasemi ni nani aliyeuvunja.

Nilirudi nyumbani nikawaeleza. Trésor alijifanya kucheka. "Karani, utaniuza na kilo ao na mufuko muzima?"

"Nyamaza wewe," Tata Kabeya akamkaripia. Kisha akanigeukia. Wazee wake waliletwa kutoka Kasai kufanya kazi mgodini, naye amezaliwa hapa hapa. "Mutoto, wakati ile banatufukuza siye batu ba Kasai, habakuanza na kutupiga. Balianza na kuuliza majina, mulango kwa mulango. Mi nilijibu bila kufikiri. Ni ile tu nakuambia."

Hakuniambia nifanye nini. Ningefurahi kama angeniambia.

Niliingiza majina ya wanafunzi wa mchana kwenye mfumo wa Gaston. Nilipofika kwa wa jioni, vidole vilikataa. Basi nikachukua kompyuta kuukuu kwenye chumba cha nyuma, nikaiwasha kwa ule mfumo wa bure kutoka kwenye flashi, bila kuandika chochote kwenye diski yake. Wanafunzi wa jioni wanaitumia hiyo kama seva yao. Umeme ukikatika, inasahau kila kitu. Inasahau aliyeingia na saa aliyoingia, na kwa bahati mbaya inasahau hata mazoezi yao. Trésor ananung'unika: "Seva yako iko na kichwa ya mulevi. Asubui haikumbukake kitu." Ananung'unika, lakini kila jioni anakuja. Nilikuwa nachukia umeme unapokatika, Yaya. Sasa ukichelewa kukatika, natamani ukatike.

Leo Mkurugenzi ameniita. "Bale ba mangaribi bako wapi mu système?"

"Bado hawajajiandikisha, shefu."

Aliinuka akafunga mlango. Nadhani hakuwa na hasira. Nadhani alikuwa anaogopa kama mimi. "Jumatatu fundi wa Gaston atakuya," akasema. "Ataangalia kila mashini."

Na aangalie. Ile kuukuu itamwambia haijawahi kumwona mtu. Lakini mimi nimewaandikisha vijana wale mwaka hadi mwaka. Nayajua majina yao yote, na nyumba wanazolala. Hakuna umeme wa kukatika kichwani mwangu. Na mimi si shujaa, wewe unanijua, nilikuwa nalia hata nikichomwa sindano. Wakiniweka kwenye kiti na kuniuliza kwa ukali, sijui nitasema nini. Ndiyo maana Jumapili, wengine wakiwa kanisani, Trésor atanisindikiza mpaka Tenke kwa shangazi yake. Kazi niliyoililia, ambayo wewe uliniombea kwa kufunga, naiacha. Nisamehe.

Nisalimie baba, umwambie nimepata kazi ya safari. Nisalimie shemeji fundi wa boti, wajomba zangu, na binti yako anayejifunza kusoma. Asione karatasi hii. Kamsalimie pia mama mzee jirani aliyenipa rozari. Ni mimi, mdogo wako uliyembeba mgongoni. Jina siweki, wewe unalijua.

Ukitaka kunijibu, usiandike ujumbe kwenye simu. Mpe Mama Faida barua, aifiche chini ya ndakala. Treni yake husimama Tenke. Amuulize muuza makaa aliye karibu na stesheni niliko, aseme ameleta samaki wa mgonjwa, naye ataelewa. Simu yangu ya zamani nitaiacha chumbani kwa Tata Kabeya, na huenda wakaichukua. Usiipigie. Mkono ukikushinda ukapiga, na akapokea mtu mwingine, sema umekosea namba. Na hata akikutajia jina langu kwa upole, kama mtu anayenipenda, mwambie humjui.