Monita ya Pili

Enock,

Mlenda umo kwenye chungu, upashe. Mbuzi wafungulie kabla jua halijawa kali.

Monita mpya nimeiunga asubuhi. Ile kubwa ya 4K uliyoing'ang'ania mpaka ukaninunia, kadi ya grafiksi aliyotuachia marehemu kaka Calist isingeiweza, magemu yangekwamakwama. Hii ya hezi 144 inakwenda nayo sawasawa.

~~Ukimaliza kula, zima kompyuta.~~ Usiizime. Hata mausi usiiguse.

Nilipoiwasha iliandika kwamba monita zilizounganishwa ni mbili. Nikaangalia nyuma, waya ni mmoja. Ya pili ilikuwa na jina la ile ya zamani ya Calist, ambayo baba mdogo alipewa siku ya kuanua matanga, akaenda nayo Sepuka.

Nikasukuma mausi kushoto. Kishale kikavuka ukingo wa kioo, kikapotea. Nikampigia baba mdogo. Akasema monita iko juu ya kabati, waya wake umefungwa kwa kamba vilevile kama tulivyompa, lakini imewaka, na sasa hivi kuna kishale kimeingia kutokea kulia.

Nikakirudisha kwetu. Nikamwuliza, kimetoka? Akasema kimoja kimetoka, kingine kimebaki.

Nakwenda Sepuka. Mama akirudi kanisani mwambie nimekwenda kusalimia tu, mengine niachie mimi. Kompyuta iache iwake mpaka nifike. Kama ni Calist, sitaki tumzimie.

Dada yako,
Yunisi