Maji ya Saa Kumi na Moja na Robo

STAMATIS VOURLAS
Coober Pedy, Australia Kusini

Mwaka umetimia, Baba, tangu asubuhi ile ulipokaa juu ya ndoo katikati ya mabilinganya yako, ukasema unapumzika kidogo tu, na hukuinuka tena.

Miaka thelathini ulichimba vito vya opali na hukutajirika. Lakini nyanya zako, nani mjini hapa hakuzila? Ulibeba samadi ya kondoo kwa gari bovu, ukatandaza magunia juu ya miche isiungue, na ole wake aliyemwaga kwenye sinki maji ya kuoshea mboga. "Mrehani umekukosea nini?" ulikuwa ukiuliza, na mtu anatoka nje na beseni lake akaumwagilie.

Bombani ulifunga saa ya betri, ifungue maji saa kumi na moja na robo alfajiri. Kiangazi kikija na watu wote wakisogeza saa zao mbele kwa saa moja kama kila mwaka, yako ulikataa kuigusa. Jirani yetu Zoran akakutania: "Stamatis, serikali imebadilisha saa, hujasikia?"

"Basi waje wenyewe wayaeleze mabilinganya," ukamjibu.

Hatukujua saa hiyo ingetutesa hivi. Mama bado analala chumba kilekile mlichochimba pamoja ndani ya mwamba, hakuna dirisha, hakuna jogoo. Bomba linapita ukutani karibu na kichwa chake. Mwaka mzima huu, maji yakianza kuvuma mle ndani, hufumbua macho akasema, "Mzee ameshatoka." Kisha anakuwekea kahawa. Mwanzoni tulimsahihisha. Siku hizi tunainywa wenyewe ikishapoa, maana tunaogopa kuimwaga.

Mwezi uliopita taa nyekundu ya betri ikaanza kumetameta. Mwanao Lefteris akanunua mpya. Tatizo ni kwamba ukiitoa ya zamani, ile saa inasahau yote uliyoipangia.

"Nitaipanga upya, Mama. Dakika ileile."

"Utaipanga wewe," Mama akasema. "Hii aliipanga yeye."

Akaichukua ile betri mpya, akaitia mfukoni mwa aproni, na hatukuthubutu kuidai. Tulijua ya zamani ikifa bustani itakauka kwa wiki moja. Lakini tulichohofia hasa ni Mama kulala gizani akingoja maji yasiyokuja.

Jumanne saa ya bombani ikazima. Binti yako Marika, ambaye alikuwa akiichungulia kila siku, akaamka mapema akafungue maji kwa mkono. Alimkuta Mama ameshafika, kavaa viatu vyako, kaketi juu ya ndoo yako, mkono uko bombani. Maji yalikuwa yanatembea kwenye mitaro. Marika akatazama saa yako ya ukutani pale mlangoni. Ilikuwa saa kumi na moja na robo.

"Mama, umejuaje wakati? Bomba halikulia."

"Ameniamsha," Mama akasema, bila kugeuka. "Kasema leo zamu yangu."

Tangu siku ile hajachelewa hata mara moja. Betri mpya bado imo mfukoni.

Jumapili ngano ya kuchemsha ya kumbukumbu yako itabarikiwa kanisani. Ina asali, na makomamanga ya mti wako.

Wanaokukumbuka: mkeo Evdokia, wanao Marika na Lefteris, mjukuu wako Stamatia, anayechukua jina lako, na Zoran, ambaye mwaka huu naye hakusogeza saa.

Hatutakusahau, Baba. Na tukisahau, utatuamsha.